Tunatupa Wapi?

Dada yangu alinitumia ujumbe kwenye WhatsApp Jumanne usiku, saa nne na kitu, wakati mtoto wake alikuwa amelala na yeye mwenyewe angepaswa kuwa amelala. "Wewe ndiye mama wa ubatizo. Usikatae. Nimeshaandikisha jina lako." Chini yake akaweka picha ya kurasa mbili za kitabu cha ibada, zimepigwa kwa simu iliyoinama, na vile vikatuni vitatu vya matone ya maji.

Nilizisoma kesho yake ndani ya matatu, tumekwama Roysambu. Kama hujawahi kusimamia ubatizo wa mtoto mchanga katika kanisa la Kianglikana, jua kwamba mtoto haulizwi kitu. Anayeulizwa ni wewe. Kasisi anakuangalia usoni mbele ya watu wote na kukuuliza kama unamkataa Shetani na kazi zake, kama unatubu, kama unamgeukia Kristo, kama unamwamini Mungu. Kila swali lina jibu lake limeandikwa kwa herufi nzito ili usibabaike. Hakuna nafasi ya kusema "inategemea."

Na mimi, kusema ukweli, karibu kila swali pale ningelijibu "inategemea."

Sikuacha kanisa kwa kishindo. Hakuna aliyenikosea sana. Nilipungua tu, kidogo kidogo, kama sabuni. Nilikuwa nikienda kila wiki, halafu mara mbili kwa mwezi, halafu Krismasi, Pasaka na mazishi. Sasa mtu akiniuliza ninasali wapi, nataja kanisa nililolelewa ndani yake kama mtu anavyotaja shule yake ya msingi. Wengi wa rika langu hapa Nairobi ninaowafahamu wako papo hapo. Huwezi kuwaita waumini, na ukiwaita wakanamungu watakushangaa. Ni watu ambao bado wanajua majibu.

Hilo ndilo linanisumbua. Majibu nayajua. Niamshe saa tisa usiku, uanze salamu ya ibada, mdomo wangu utaimalizia kabla sijafungua macho. Je, mdomo ukijua kitu ambacho moyo haujui, huo ni mdomo wa uongo? Na mtoto wa miezi mitano anastahili msimamizi wa namna hiyo?

Wacha nianzie kwenye mkono, kwa sababu mkono ndio ninaoufahamu zaidi.

Wale waliokulia ACK wanajua ninachosema. Mwishoni mwa ibada ya Ushirika Mtakatifu, kabla tu ya baraka, kiongozi anataja shida zetu, na sisi tunajibu kwamba tunazituma kwenye msalaba wa Kristo. Tukijibu hivyo, tunafagia hewa kwa mkono kuelekea msalaba ulio nyuma ya meza ya Bwana. Anataja magumu yetu, tunafagia tena. Anataja kazi za Shetani; tunafagia mara ya tatu. Halafu anataja matumaini yetu, na hapo mkono haurushwi tena mbele. Unapandishwa juu, kwa aliyefufuka.

Hiyo ibada haikuja na meli. Wamishenari waliotumwa na Waanglikana wamekuwa katika nchi hii tangu Krapf ashuke Mombasa mwaka 1844, na kwa muda mrefu sana watu waliomba kwa tafsiri za kitabu cha sala cha Waingereza cha 1662, sala nzuri kweli, lakini zilizoandikwa kwa ajili ya watu wenye mfalme wao na baridi yao. Mwaka 1989 kanisa la Kenya likatoa ibada yake lenyewe ya Ushirika. Mwaka 2002 ikaingizwa kwenye kitabu kipana zaidi, Our Modern Services. Kipande cha mkono kilitokana na maombi ya Waturkana ya mwito na mwitikio. Na mwaka 1998, maaskofu wa Kianglikana wa dunia nzima walipokutana Uingereza kwa mkutano wa Lambeth, ibada ya kufungua mkutano ndani ya kanisa kuu la Canterbury ilikuwa hii yetu. Napenda kuwawazia wazee wale na majoho yao, ndani ya mawe ya miaka mia nane, wakirusha mikono kama wamama wa Kerugoya.

Mmoja wa walioisukuma ibada hii ni David Gitari, aliyekuwa askofu wa huko kwetu mlimani kabla ya kuwa askofu mkuu. Mwaka huohuo wa 1989, usiku, genge la watu lilivamia nyumba yake. Alikuwa amehubiri waziwazi dhidi ya upigaji kura wa mlolongo na wizi wa kura wa 1988. Alinusurika. Kwa hiyo mtu aliyesaidia kuweka kinywani mwetu maneno kuhusu kazi za Shetani alikuwa na picha kamili ya kazi hizo. Zilimjia mlangoni.

Hayo yote nimeyajua ukubwani. Utotoni nilijua tu kwamba mkono ukirushwa, ibada imeisha na chapati ziko karibu. Na ukiangalia vizuri ibada ya pili kanisani kwetu, wengi wetu tuliurusha hivyohivyo. Mmoja anarusha akiwa na funguo za gari tayari kidoleni. Mwingine anarusha kwa mkono wa kushoto kwa sababu wa kulia uko kwenye simu. Mkono uliotoka Turkana ukapita Canterbury, kwetu ulikuwa umekuwa kama wa mtu anayefukuza nzi.

Halafu ikaja 2020.

Mnaikumbuka. Machi 22 ibada zote zikasimamishwa. Machi 27 kafyu. Aprili 6 Nairobi ikafungwa, hutoki wala huingii. Shosho yangu alikuwa amekuja mjini kwa kliniki ya macho, siku tatu tu alivyosema, na alikuja na nguo za siku tatu. Akakwama nasi Kahawa West miezi mitatu: yeye, mama yangu, dada yangu na mimi, vyumba viwili vya kulala na kochi moja. Mama alikuwa keshia wa supamaketi, na supamaketi hazikufungwa. Kila jioni alipobisha mlango sote tulinyamaza. Alivua viatu nje. Alioga kabla ya kumsalimia mtu yeyote. Shosho alikuwa na miaka 79, na kila tulipowasha habari tuliambiwa wazee ndio wanaokufa.

Pasaka ilikuwa Aprili 12. Tuliunganisha simu na televisheni, tukafuata ibada kwenye Facebook, kasisi akiwa peke yake na mpiga kinanda ndani ya kanisa tupu. Shosho alivaa sketi yake nzuri na kitambaa cha kichwani. Sisi wengine tulikuwa na nguo za kulalia na chai. Ilipofika kwenye mkono, Shosho akasimama, basi nasi tukasimama.

Mikono minne ikaenda pande nne. Dada yangu alirusha kwenye televisheni. Mama alirusha ukutani, palipokuwa na kalenda ya kanisa. Mimi nadhani nilirusha kwenye zulia. Shosho alirusha dirishani.

"Simamisha hiyo," akasema.

Tukasimamisha. Kasisi akaganda kwenye skrini mdomo wazi.

"Kila mtu anatupa kwake? Sasa zinaenda wapi?"

Mama akasema tutupe kwenye televisheni, kwa sababu hapo ndipo msalaba unaonekana. Shosho akakataa. Alisema hapo ndipo kila alasiri wanasoma hesabu ya wagonjwa. Dada yangu akasema tukitupa dirishani zitaangukia kwa jirani wa ghorofa ya pili, na jirani mwenyewe amefutwa kazi wiki jana, ana zake za kutosha. Tulicheka. Nilikuwa sijawahi kucheka katikati ya ibada bila mtu kunikanyaga mguu. Nikapendekeza tukate msalaba wa karatasi, tuubandike mahali. Shosho hakuona kwamba hilo ni wazo baya, ila aliona ni kazi nyingi.

Alizunguka chumba kwa macho yake yenye dawa, halafu akanyoosha kidole kwenye mlango.

"Hapo," akasema. "Hapo ndipo huyu anatokea kila asubuhi." Alikuwa anamwonyesha Mama.

Hatukujadili tena. Dada yangu akabonyeza simu, kasisi akaendelea, naye hakujua tulimwacha amening'inia. Tukageuka, tukaipa televisheni mgongo, tukarusha mikono kwenye mlango wa mbao wenye kufuli mbili na ndoo ya maji pembeni. Shida zetu. Magumu yetu. Kazi za Shetani. Mama alirusha kwa nguvu kuliko wote, na baada ya mara ya tatu alikaa chini, akasema miguu inamuuma.

Sitaki kuikuza hadithi hii. Mama hakuugua, lakini mlinzi wetu wa geti, aliyekuwa mtu wa maombi kutushinda sote, aliugua vibaya. Sioni hesabu yoyote hapo na silaumu wala kusifu mtu. Ninachosema ni kidogo zaidi. Kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nilijua ninarusha nini. Na nilijua kwa sababu ilitubidi tuulizane pa kurushia. Kanisani lile swali lilikuwa limejibiwa na fundi seremala zamani, msalaba uko pale mbele, rusha. Sebuleni jibu halikuwepo. Maneno yalikuwa yaleyale, mkono uleule, lakini sisi wenyewe tulilazimika kumalizia.

Makanisa yakafunguliwa Julai 14, kwa masharti: watu wasiozidi mia moja, saa moja tu, na asiingie aliye chini ya miaka 13 wala aliye juu ya 58. Sheria ilikuwa na sababu zake na sikuipinga. Lakini fikiria hiyo picha. Wale waliobeba hizo sala kichwani wako nyumbani, na wale wanaopaswa kuzirithi wako nyumbani. Waliobaki ndani ni sisi wa katikati, tumeketi mita moja na nusu kwa mita moja na nusu, na barakoa. Tulipofika kwenye mkono, wengi walitazamana kuona kama inaruhusiwa.

Baadaye tukaletewa kasisi kijana. Nilimpenda, na bado nampenda. Aliona kwamba vijana wanatoroka, akaamua tatizo ni kwamba hatuelewi. Basi akaanza kueleza kila kitu. Kabla ya Ushirika, slaidi: kwa nini mkate. Jumatano ya Majivu, slaidi: majivu yametoka wapi, kwamba ni matawi ya Jumapili ya Matawi ya mwaka uliopita yaliyochomwa. Hiyo nilikuwa siijui na niliifurahia. Lakini slaidi zilipozidi, nikaanza kuhisi kitu fulani kimenyauka. Ni kama kutegewa kitendawili na mtu ambaye hakungoji useme "tega." Anakupa fumbo na jibu kwa pumzi moja, na anashangaa mbona huchangamki. Jibu ni sahihi. Umelielewa. Na halina kazi yoyote kwako, kwa sababu hukuwahi kulitafuta.

Sisemi watu wasielezwe. Wale wanaodai ibada ni fumbo na liachwe hivyo mara nyingi wanaficha kwamba hata wao hawajui. Nasema tu kwamba maelezo yana kikomo, na kikomo chenyewe kiko karibu kuliko tunavyodhani. Shosho hajawahi kuona slaidi ya kumweleza mkono ni nini.

Slaidi zilihitaji skrini, na skrini ilihitaji ukuta. Nitarudi hapo.

Nilisema hakuna aliyenikosea. Labda nilisema haraka. Kulikuwa na Jumapili moja ya 2023. Mheshimiwa fulani alikuja na msafara wake, akakaa kiti cha mbele, na muda mfupi kabla ya baraka akapewa kipaza sauti "awasalimie watu." Alisalimia dakika ishirini na tano. Alitukana wapinzani wake kwa mafumbo, akatania kina mama, akatoa bahasha ya ujenzi, jina lake na kiasi vikatangazwa, tukapiga makofi. Nami nilipiga. Halafu tukasimama kwa ajili ya mkono. Kiongozi akataja shida zetu zote, na mimi, mkono ukiwa hewani, nikaona kwamba mojawapo ya shida zenyewe imekaa kiti cha mbele, imevaa suti ya kijivu, nayo inarusha mkono pamoja nasi.

Nilitaka kucheka na nilitaka kulia. Nilikwenda nyumbani, na Jumapili iliyofuata nikalala.

Najua si kwetu tu. Askofu Mkuu Ole Sapit alikuwa ameshawazuia wanasiasa kuhutubia makanisani tangu Septemba 2021. Kwetu agizo lilionekana limechelewa njiani. Vijana walipoingia barabarani Juni 2024 kupinga Mswada wa Fedha, moja ya hasira zao ilikuwa hiyohiyo, kwamba madhabahu imegeuzwa jukwaa, na wakaanzisha kampeni mtandaoni ya kwenda makanisani wenyewe. Watu wazima walishtuka: watoto hawa hawaheshimu kanisa. Mimi niliona kinyume. Huwezi kukasirikia mahali ambapo hapana maana kwako. Anayesema "mheshimiwa, toka hapo" bado anaamini kuna kitu hapo.

Lakini tuseme ukweli wote. Kama ibada ile ya bahasha ilikuwa imeoza, je, Ushirika nilioupokea asubuhi ile ulikuwa si kitu? Na mtoto aliyebatizwa siku ile, maana alikuwepo, aliyevaa soksi za rangi mbili tofauti, hajabatizwa?

Swali hilo ni la zamani, na ni la Waafrika. Mwaka 303 kaisari Dioklesiano alianza kuwatesa Wakristo, na kule Afrika ya Kaskazini baadhi ya viongozi wa kanisa walisalimisha Maandiko ili yachomwe. Mateso yalipokwisha, Wakristo wakagawanyika. Kundi lililokuja kuitwa Wadonati lilisema kwamba mtu aliyesaliti hawezi kutoa ubatizo wa kweli. Mkono mchafu haupitishi kitu safi. Ugomvi ulidumu zaidi ya miaka mia moja. Augustino, askofu wa Hippo, mji ambao leo ni Annaba huko Algeria, akajibu kwamba ubatizo ni wa Kristo na si wa anayebatiza, kwa hiyo uchafu wa mhudumu hauufuti. Mwaka 411 walikutanishwa Karthago wajadiliane, na upande wa Augustino ukashinda. Augustino pia alikubali serikali iwalazimishe Wadonati kwa nguvu, kwa hiyo nami simbebi mzimamzima.

Kwa miaka mingi moyo wangu ulikuwa wa Kidonati bila kujua jina lake. Nilitaka mikono safi. Sasa naona Augustino alikuwa na hoja: kama tungesubiri mtu safi, yule mtoto wa soksi angesubiri hadi leo. Lakini Augustino alikuwa anazungumza juu ya anayetoa. Hanisaidii mimi niliyeandikishwa kusimama na kusema "ninaamini" kwa niaba ya mtu asiye na meno.

Kilichonisaidia kidogo ni chama.

Tulikuwa na chama, wasichana wanane tuliomaliza chuo pamoja, elfu mbili kila mwezi, kila mwezi mmoja anapokea. Mwaka wa pili mwenzetu mmoja alipoteza kazi. Miezi minne hakutoa hata shilingi. Lakini alikuja kila mkutano, alikula, alishika daftari, alipiga kelele watu walipochelewa. Sisi saba tulimbeba. Hakuna aliyemwambia kuwepo kwake ni uongo, na haukuwa uongo. Baadaye alipata kazi, akalipa, si yote.

Chama hichohicho leo kimekufa. Na hakuna aliyetoka! Kikundi cha WhatsApp kipo, jina lipo, mwenyekiti yupo. Kila Januari mmoja anaandika, "Wasichana, mwaka huu tujipange," na sisi wengine tunaweka vile vikatuni vya mikono ya maombi. Hela haijatumwa tangu 2022. Kila mmoja anangoja mwenzake aanze.

Hapo ndipo ninaona tofauti kati ya ibada iliyo hai na iliyokufa, na naona pia kwa nini ni vigumu kuitambua ukiwa ndani. Kwa nje zinafanana. Katika ile hai, kuna wasioweza kutoa mwezi huu na kuna wanaotoa. Katika ile iliyokufa, kila mtu anadhani mwingine anatoa. Mtu asiye na imani leo akisimama katikati ya watu waaminifu, na yuko tayari zamu yake ikifika, simwoni kama mwongo. Lakini kanisa lote likijaa watu wa namna yangu, wanaosimama kwa sababu labda jirani anaamini, basi tuna kikundi cha WhatsApp tu. Na sijui, kwa kweli sijui, sisi tuko wapi.

Najua pia kwamba hoja hii inanifaa mno, na hoja ikinifaa mno huwa naishuku. Kuna kiwango ambacho ningekataa. Kama ningekuwa nimeamua moyoni kwamba yote haya ni upuuzi, nikasimama kwa sababu ya picha, huo ungekuwa uongo na ningemdanganya dada yangu kwanza. Kwa hiyo nilimwandikia wazi. Nikamwambia siko sawa na Mungu, au Mungu hayuko sawa nami, au sijui kama kuna wa kuwa naye sawa. Ilikuwa meseji ndefu. Akajibu: "Sawa. Rangi ni pichi, usije na nyekundu." Baada ya saa nzima akaongeza: "Siku moja huyu atakataa kwenda kanisani. Nataka awe na mtu wa kumwambia kwa nini, asiye mimi."

Nikampigia Shosho. Siku hizi ana miaka 84 na simu anaishika mbali na sikio. Tuliongea Kikuyu, hapa natafsiri.

"Shosho, nikisema naamini na sina uhakika, si huo ni uongo?"

"Mtaulizwa wangapi?"

"Watatu."

"Kwa pamoja?"

"Kwa pamoja."

Akanyamaza. Nilisikia kuku. Halafu akaniambia jambo ambalo hajawahi kuniambia. Mwaka mjomba wangu alipofariki, kijana wa miaka ishirini na mbili, pikipiki, yeye aliendelea kwenda kanisani kila Jumapili lakini ilipofika kwenye Kanuni ya Imani alisimama na kufunga mdomo. Kuanzia Februari mpaka mahindi yakavunwa.

"Hakuna aliyeona?"

"Aliyekaa karibu nami aliona. Akaanza kusema kwa sauti kubwa. Kubwa mpaka nikamkasirikia."

"Halafu?"

"Halafu siku moja hakuja. Alikuwa mgonjwa. Nafasi yake ikawa wazi, na nikasikia upande wetu uko kimya. Hakuna mtu wa kusema. Nikasema mimi."

Nilimuuliza kama siku hiyo aliamini. Alisema hakumbuki. Anakumbuka kulikuwa na mvua, na kwamba baada ya ibada alimpelekea yule mama uji.

Alisema atakuja kwa ubatizo, atapanda matatu ya kwanza kutoka Kutus. Kisha akauliza: "Ule msalaba bado uko pale nyuma ya meza?"

Nikamwambia uko. Nilipokata simu ndipo nikakumbuka skrini.

Msalaba wetu uko pale, hakuna aliyeung'oa. Ila skrini inashuka mbele yake kila Jumapili asubuhi na kukaa hapo hadi mwisho, na tunapofika kwenye mkono, maneno ya mkono yanaandikwa juu ya skrini, nasi tunarusha shida zetu kwenye maandishi yanayosema tunarusha shida zetu. Nimefanya hivyo mara kadhaa, kila Krismasi na kila Pasaka, na sikuona.

Ubatizo ni kesho. Leo mchana tulikuwa na mazoezi: wazazi, wasimamizi watatu, mtoto akilia kwa sababu zake. Yalipokwisha nilibaki nyuma, nikamfuata kijana anayeshughulikia mitambo, nikamuuliza kama skrini inaweza kupandishwa wakati wa baraka. Baraka tu, dakika mbili.

"Inapanda," akasema. "Lakini watu hawataona maneno."

"Wanayajua."

Alinitazama. Ana miaka kama kumi na tisa. "Una uhakika?"

Nikamwambia nina nyanya anayekuja kutoka Kirinyaga, huyo anayajua. Akatafuta rimoti, akaipata chini ya kinanda, akabonyeza. Skrini ikaanza kupanda polepole ikilia kama mlango mbovu, ikafika nusu, ikakwama. Ulionekana mguu wa msalaba tu na misumari miwili ya fundi.

Akasema si neno, kesho atakuja mapema na ngazi.